Mfupa wa Nyonga Hausikii Maungamo

Nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu Mfaranyaki, nakunywa chai, sijamkosea mtu, spika ya mkutano wa injili iliponifuata hadi nyumbani. Mhubiri alikuwa amefika kwenye somo la ndoa. Kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kubeba hata ndoo ya maji kichwani, sembuse mimba, akatangaza kwamba mwanamke akikaa na uchungu siku mbili bila kujifungua, basi kuna jina hajalitaja. Atubu, amtaje huyo mwanaume, na mtoto atatoka. Umati ukaitikia: Amina!

Chai ikanipalia. Si kwamba nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo. Nani Songea hajalisikia? Mama wakwe wanalo, wazee wa ukoo wanalo, waganga wanalo tangu enzi za mababu. Kilichonikera ni kugundua kwamba mganga na mhubiri, wanaolaaniana kila wiki, wamepata jambo moja la kukubaliana, na jambo lenyewe ni kumsulubu mwanamke aliye kwenye uchungu.

Leo nina hoja moja tu, na nitairudia mpaka mchoke. Mfupa hausikii maungamo.

Nyonga ya mwanamke ni duara la mifupa, na mtoto hupita katikati yake. Kichwa cha mtoto kikiwa kikubwa kuliko nafasi iliyopo, hapiti. Akiwa amelala kukingama au ametanguliza bega, hapiti. Litajwe jina la jirani, nyonga haipanuki. Litajwe la mwenyekiti wa mtaa, haipanuki. Mama atubu kwa Kingoni, kwa Kimatengo au kwa Kilatini cha wamisionari wa Peramiho, haipanuki hata kwa upana wa ukucha.

Wakati ukoo unasubiri jina, kuna kazi nyingine inaendelea ndani ya mwili wa yule mama. Kichwa cha mtoto kimekibana kibofu kwenye mfupa wa kinena. Damu haipiti. Nyama isiyopata damu saa nyingi hufa, na baada ya siku chache hubanduka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Wengine tundu hutokea upande wa njia ya haja kubwa. Kuanzia hapo mkojo unatiririka usiku na mchana, amekaa au amelala, bila hata kuhisi haja. Hiyo ndiyo fistula ya uzazi. Mara nyingi sana mtoto naye huwa ameshafia tumboni. Wapo pia wanaoinuka kitandani wakiburuta mguu, kwa sababu mishipa ya fahamu ilibanwa pamoja na kibofu.

Makadirio ambayo yamekuwa yakitajwa nchini kwetu kwa miaka mingi ni wanawake wapya kati ya 2,500 na 3,000 kila mwaka. Mhubiri atuambie: wote hao walificha jina?

Bibi yangu alinisimulia habari ya jirani yake, upande wa Namtumbo, zamani kabla ya Uhuru. Uchungu ulikaa, wazee wakakaa nao. Waliuliza usiku kucha. Alfajiri yule mama akataja. Alimtaja kijana aliyekuwa ameondoka kwenda manamba, kwenye mkonge wa Tanga, miaka mitatu nyuma. Mimba ni ya miezi tisa, mwanaume yuko Tanga mwaka wa tatu, na wazee wakatikisa vichwa wakaridhika! Hakuna aliyepiga hesabu. Mtoto hakutoka mzima, mama akabaki anavuja, mume akamrudisha kwao. Bibi alisema yule mama alijengewa kibanda nyuma ya nyumba ya kaka yake, akafia humo.

Mtu mwenye maumivu makali hataji ukweli, anataja chochote kitakachowanyamazisha wanaomhoji. Nibane kidole kwenye mlango wa gari, nami nitakutajia Baraza la Mawaziri lote, pamoja na naibu mawaziri.

Najua jibu litakalokuja, maana limeshanijia mara nyingi kijiweni: "Lakini fulani alitaja, na mtoto akatoka!" Ndugu yangu, liwike lisiwike, kutakucha. Uchungu mwingi huisha wenyewe kwa mtoto kuzaliwa, awe mama ametaja, ameimba au amelala kimya. Aliyetaja akajifungua mnamsimulia vizazi vitatu. Aliyetaja akafa mnasema alibakiza jina moja. Kwa hesabu ya namna hiyo hata mimi naweza kuwa nabii, nikafungua kanisa Bombambili wiki ijayo.

Wapo wanaojificha nyuma ya mila. Hao nawaomba wapande bodaboda waende Mahenge, hapa hapa mjini, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Mashujaa wetu wa Vita vya Majimaji waliahidiwa dawa itakayogeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Ushujaa wao tunauenzi kila Februari, na ni haki yao. Risasi lakini hazikugeuka maji. Mji unaokumbuka hilo kila mwaka ungepaswa kuwa wa kwanza Tanzania kuacha kumpa mgonjwa maneno badala ya matibabu.

Tena mzigo wenyewe hauna hata haki ndani yake. Mjomba wangu, mwanaume mwenye wake wawili wanaojulikana na wengine wasiojulikana, alizibwa mkojo usiku mmoja kwa sababu ya tezi dume. Alilia kama mtoto. Je, tulikaa kikao? Tulimwambia ataje michepuko yake ndipo mkojo utoke? Angetaja mpaka kumekucha! Tulimpakia kwenye bajaji, hospitali wakamwekea mpira, mkojo ukatoka, na kesho yake akaletewa mchuzi wa kuku wa kienyeji. Hakuna aliyetaka jina hata moja. Njia ya mwanaume ikiziba ni ugonjwa, ya mwanamke ikiziba ni uzinzi. Nani aliyetunga sheria hii, kama si wenye tezi?

Twende na mbali kidogo. New York, mwaka 1855, ilifunguliwa hospitali ya wanawake, na wengi wa wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa na fistula. Leo kumpata mwanamke wa New York mwenye fistula ya uzazi ni shida. Walitubu? Mji ule? Walipata wakunga waliosomea na upasuaji wa haraka, basi. Hata hapa kwetu, tafiti za kitaifa zinaonyesha vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Nionyesheni mtaa hapa Songea ambao uzinzi umeshuka kwa kiasi hicho, nami nitakuja kuokoka hapo hapo uwanjani.

Mkunga aliyesomea huchora chati ya uchungu: njia imefunguka kiasi gani, saa ngapi. Kwenye chati iliyotumika kwa miongo mingi kuna mstari wa tahadhari, na saa nne mbele yake upo mstari wa kuchukua hatua. Saa nne! Mkunga anahesabu saa, ukoo unahesabu wanaume. Ukichukua saa zinazoliwa na kikao cha maungamo, ukaongeza saa za kutafuta gari, ukaongeza saa za barabarani nyuma ya malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, umeshapata tundu kwenye kibofu. Makaa yana njia ya kufika bandarini Mtwara, mama wa kijijini hana njia ya kufika wodini.

Na huko wodini nako, nisiwaache wauguzi. Yuko yule anayemwambia mama anayelia: "Wakati unafanya ulikuwa unalia hivi?" Huyo ni pacha wa mhubiri, tofauti yao ni sare tu. Mwanamke akishatukanwa hivyo kwa mtoto wa kwanza, wa pili atamzalia nyumbani kwa mama mkwe, kwenye baraza la majina.

Sasa niseme na wale ambao fistula imeshawapata, maana imani hii ya maungamo haikomi mtoto akizaliwa. Inamfuata mama hadi kwenye mimba inayofuata. Kwanza ataambiwa amerogwa, kwa hiyo hakuna haja ya daktari. Uongo. Fistula inatibika kwa upasuaji, na mpira wa mkojo ukiwekwa mapema, siku za mwanzo kabisa, tundu dogo linaweza kuziba hata bila kisu. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam inatibu fistula bila malipo, na kwa miaka mingi imekuwa ikituma nauli ya mgonjwa kwa M-Pesa kupitia mabalozi wake walioko mikoani. KCMC Moshi na Bugando Mwanza wanafanya upasuaji huo pia. Wakati akisubiri safari, mama asijinyime maji ili avuje kidogo. Mkojo mzito ndio unaochoma ngozi na kunuka zaidi, kwa hiyo anywe maji mengi.

Pili, akishapona, ukoo ule ule uliomfukuza unarudi na mbuzi kudai mtoto. Haraka! Madaktari wanamwambia akae miezi kadhaa bila tendo la ndoa, mimba aipe nafasi ya karibu mwaka, na akiipata awahi kliniki aseme wazi kwamba aliwahi kushonwa fistula, ajifungue kwa upasuaji uliopangwa. Hapo ndipo mama mkwe anapoanza: mwanamke halisi husukuma, upasuaji ni uvivu wa wanawake wa mjini. Uvivu! Mama mkwe, ile nyonga haijapanuka tangu mara ya kwanza. Mfupa ni ule ule, na kovu liko juu yake. Ukimlazimisha asukume, unalifungua tundu lililofungwa kwa mkono wa bingwa, ili upate sifa ya mkwe anayesukuma.

Hata kadi ya kliniki inajua habari za mifupa. Inataka urefu wa mama upimwe, na aliye chini ya sentimita 150 awekewe alama ya kuangaliwa zaidi. Haina kisanduku cha idadi ya wapenzi. Waliotengeneza kadi wanajua kinachomzuia mtoto.

Vivyo hivyo kwa wanaovuja wakikohoa au kucheka, na wale ambao kizazi kimeshuka mpaka wanahisi kitu kinaning'inia wakichuchumaa shambani. Wanaambiwa ndiyo uzazi wenyewe, vumilia, usiaibishe nyumba. Utafiti wa jamii uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa 2018 ulikuta zaidi ya nusu ya wanawake waliopimwa wana kiwango fulani cha kushuka kwa viungo vya nyonga, na kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi kila siku kulihusishwa na hali hiyo. Kuni, maji, magunia ya mahindi, na wewe baba watoto umebeba simu. Mazoezi ya kubana na kuachia misuli ya nyonga yanasaidia, zipo pete maalumu za kushikilia kizazi, upo upasuaji. Anayepanga mimba nyingine amwone daktari kabla ya kushika mimba, na aseme kila kitu bila kupunguza.

Na kwa kuwa nimeshaanza kukasirika, niimalize hasira yangu kabisa. Nyonga ya msichana wa miaka 15 bado inakua, na Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuipinga na kushinda mwaka 2016. Serikali, badala ya kushukuru, ikakata rufaa, ikashindwa tena Oktoba 2019. Mikutano ya injili ya kumkemea msichana niliisikia mingi miaka hiyo. Wa kuikemea sheria ile, na kumkemea baba aliyepokea mahari, sikuusikia hata mmoja.

Wanaume wenzangu, tuelewane. Mkeo akianza uchungu, kazi yako ni usafiri na damu. Jua ni nani mwenye gari, jua ni ndugu yupi atachangia damu, weka akiba ya nauli mapema. Mfumo wa usafiri wa m-mama ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022 kwa ajili ya mama mwenye dharura, na pasipokuwa na gari la wagonjwa unaita dereva wa karibu. Anayekuja na swali la majina, awe mganga, awe mchungaji, awe mama yako mzazi, mtoe nje kwa heshima na ufunge mlango. Kama ni lazima kitu kitajwe usiku huo, itajwe namba 115 ya m-mama. Kuipiga ni bure.