Saa Tumepewa, Uji Je?

Nina dukuduku moja ambalo limenikaa rohoni tangu mwaka jana.

Walimu wetu wanalijua, lakini wanafunzi wengi hatulijui. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema kwamba katika shule ya umma ya kutwa masomo ya darasani yaishe saa tisa na nusu alasiri. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo, vyama, nyimbo na mijadala. Hizo ni dakika 75 kila siku, yaani saa sita na robo kwa wiki. Ni zetu kisheria! Lakini hebu chungulia chumba chetu cha mkutano saa kumi. Chama cha Kiswahili kina wanachama 30 kwenye daftari. Jumatano utakuta wanane, na Ijumaa utanikuta mimi na katibu.

Watu husema ati sisi wa kutwa ni wavivu, tunakimbilia televisheni. La hasha! Tunakimbia njaa. Aliyekula githeri saa saba, saa kumi tumbo limeanza kunguruma, na yule ambaye kwao hawakulipa pesa ya chakula alikunywa maji tu. Halafu kuna nyumbani. Mama yuko kiwandani kule EPZ, Athi River, baba yuko mjengoni, wadogo wako mlangoni wanangoja, na mitungi mitupu inangoja pia, maana maji ya Kitengela mnayajua. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi hung'ang'ania viatu mpaka unavivua na kuvibeba mkononi. Nani atabaki kujadili ngeli na tumbo tupu?

Kwani serikali haitoi pesa? Inatoa. Elimu ya sekondari ya kutwa bila malipo ilipoanza mwaka 2008, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 10,265 kwa mwaka. Mwaka 2018 zikapandishwa hadi 22,244. Lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bwana John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba pesa zilizopo hazitoshi kulipa kiasi hicho chote. Sasa wewe mwenyewe fikiria, pesa zikipungua, mwalimu mkuu atapunguza nini? Chaki hawezi. Karatasi za mtihani hawezi. Ndipo vyama huambiwa vingoje.

Mwaka jana tulialikwa mjadala Kajiado mjini. Ni safari ya matatu tu, unapita Isinya na unafika. Nauli ilipatikana ya watu sita, nasi tulikuwa kumi na mmoja tuliojiandaa. Tukaandika vikaratasi tukapiga kura. Msemaji wetu hodari kuliko wote, msichana wa darasa langu, akatoa karatasi tupu. Hakulia. Alitutakia safari njema akaenda zake. Tulishindwa, na tulistahili kushindwa. Lakini uchungu wangu si huo. Baada ya siku ile hakurudi chamani, na kabla muhula huo kuisha alikuwa amekoma kuja hata shuleni. Sisemi ni kwa ajili ya nauli pekee, kwao kulikuwa na mengi. Ninachosema ni kwamba chama ndicho kilichokuwa kikimfanya aamke asubuhi, alinieleza mwenyewe.

Nije kwa wafadhili. Mgala muue na haki yake mpe: mpango wa Wings to Fly, ulioanza mwaka 2010, umewasomesha watoto werevu wa maskini ambao wangebaki nyumbani. Lakini tazama unavyofanya kazi. Humchukua mmoja akampeleka shule ya bweni, nasi tulio wengi tunabaki kwenye shule za kutwa. Basari nazo hufuata karo. Mfadhili mwingine akija hupenda kitu cha kupigwa picha, kama darasa au tangi lenye jina lake. Sijaona ruzuku iliyoandikwa "uji wa saa kumi".

Nami nimepiga hesabu. Kikombe cha uji sokoni ni shilingi 20. Wanachama 30, mara tatu kwa wiki, ni shilingi 1,800. Muhula wa wiki 13 ni shilingi 23,400. Hizo zinazidi kidogo tu zile 22,244 za mwanafunzi mmoja! Tukipika wenyewe zitapungua, na salio litakuwa nauli ya Kajiado.

Basi naomba wafadhili, bodi ya shule na wazee wetu waliosoma hapa watenge ruzuku ndogo kwa vyama vya shule za kutwa. Isiwe ya mwaka mmoja halafu kwaheri. Hesabu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo, hata mwanafunzi mdogo kuliko wote azisome. Na tafadhali, walimu wangu msinikasirikie, saa hiyo isigeuzwe kuwa hesabu na kemia za ziada. Hizo tunazo za kutosha.

Rafiki yangu mmoja alinicheka, akasema watu watakuja kwa sababu ya uji, si Kiswahili. Na waje! Mimi mwenyewe nilijiunga kidato cha kwanza kwa sababu niliambiwa kuna safari.

Nimemwandikia mlezi wa chama barua kuhusu jambo hili. Amesahihisha makosa mawili ya ngeli, akaitia sahihi na kuipeleka kwa mwalimu mkuu. Katibu naye ameshaomba sufuria kwao, ile kubwa ya lita 20.