Kompyuta ya Zamani Isiyoona Mtandao

Tangu Microsoft ikomeshe huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba, 2025, nyumba nyingi zimebaki na kompyuta za mkononi zilizo nzima lakini zisizopokea Windows mpya. Vijana wetu wamejifunza kuziwekea Linux Mint, ambayo ni ya bure. Mashine huwaka vizuri, lakini mara nyingine waifai haionekani kabisa. Mama mmoja tunayemfahamu aliambiwa na fundi kuwa kadi ya waifai imekufa, anunue nyingine, na binti yake alibakiwa na siku tatu tu za kutuma maombi ya chuo. Kadi ilikuwa nzima.

Mama mwenzetu, kabla hujafungua mkoba, tazama swichi. Kompyuta nyingi za zamani zina kiswichi chembamba ubavuni au kwa mbele, na watoto hukisukuma bila kujua. Nyingine hutumia kitufe cha Fn pamoja na kingine chenye alama ya mnara. Ukitaka uhakika, fungua Terminal uandike rfkill list. Ukisoma "Hard blocked: yes", ni hicho kiswichi. Ikiwa ni "Soft blocked: yes", andika rfkill unblock wifi.

Pasipo kizuizi, shida huwa ni kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kadi yake. Kadi za Intel na nyingi za Atheros kwa kawaida huamka zenyewe. Zinazotusumbua zaidi ni baadhi ya zile za zamani za Broadcom, kwa sababu kiendeshi chake kina masharti ya kampuni na hakikutolewa huru kama Linux yenyewe. Andika lspci, utafute neno Network, utaona unayo ipi.

Utauliza: kiendeshi kiko kwenye intaneti, na intaneti ndiyo hatuna, tutakipataje? Simu yako inayo. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, kisha katika mipangilio ya simu ruhusu kushiriki intaneti kwa njia hiyo. (Waya uwe unaopitisha data, nyaya nyingine za bei ya chini huchaji tu.) Fungua programu ya Driver Manager, chagua kiendeshi kilichopendekezwa, ngoja kimalize, kisha uzime na kuwasha upya. Hata ukiwa huna bando, chomeka ile flashi iliyotumika kuweka Mint, kwani Driver Manager inaweza kuchukua viendeshi humo.

Yule binti alikopa intaneti ya simu ya mama yake, na maombi yakaenda jioni ile ile.

Lakini lspci isipoitaja kadi yoyote ya waifai, huenda kweli imekufa, au ni ya aina inayoonekana kwa lsusb, basi jaribu na hiyo. Ikikosekana kote, vipo vifaa vidogo vya waifai vya kuchomeka kwenye USB. Nenda dukani na kompyuta yenyewe, ukijaribu pale pale kabla ya kulipa, maana si vyote vinavyoelewana na Linux.