Land Rover ya Turubai: Kuinunua, Kukaa Nayo na Kuiuza



Juma hili nataka tuzungumze habari za motokaa. Najua wako watakaosema, "Karani, sisi twatafuta mbegu na karo za watoto, nawe watuletea habari za motokaa!" Haya, ngojeni kidogo. Kila mwaka, pamba ikisha kuuzwa, na vijana wakirudi kutoka machimbo ya Nyarugusu wakiwa na fedha mfukoni, watu huja mezani pangu kuniomba niwaandikie hati za mauziano. Nimeandika hati za mashamba, za ng'ombe, za baiskeli na za pikipiki. Lakini kiko kitu kimoja ambacho kila kikitajwa, nyumba hugawanyika pande mbili. Nacho ni Land Rover kuukuu, ile ya turubai.

Mnaifahamu. Haina paa la bati. Nyuma ina vyuma vilivyopindwa kama upinde, na juu yake hutandikwa turubai na kufungwa kwa kamba. Wakati wa kiangazi waweza kulivua turubai lote, ukavitoa na vyuma, ukakilaza kioo cha mbele juu ya boneti, ukabaki na gari lililo wazi kama mtumbwi. Huko Ulaya na Marekani matajiri hununua magari ya kufunuliwa ili wapigwe na upepo siku za jua. Sisi gari la namna hiyo lilitujia kwa ajili ya kazi. Serikali ilikuwa nalo, wenye migodi walikuwa nalo, na mapadre walisafiri nalo kwenda vigango. Wazee wetu wengi gari la kwanza walilopanda maishani ni hilo, nao walilipanda nyuma, wamekalia ubao, vumbi limewajaa hata kwenye kope.

Asili yake ni hii. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mkuu wa ufundi katika kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa akitumia jeep ya Kimarekani ya wakati wa vita katika shamba lake. Aliona kampuni yake ingeweza kutengeneza gari la wakulima kwa mfano huo. Wakati ule chuma cha bati kilitolewa kwa mgao huko Uingereza, lakini aluminiamu ilipatikana. Basi bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, na chesisi kwa chuma. Gari likaonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Aina ya pili ilitoka mwaka 1958, na ya tatu mwaka 1971. Hiyo ya tatu iliendelea kutengenezwa hata mwaka 1985. Kwa hiyo hata iliyo changa kabisa katika hizi sasa ina miaka arobaini na kitu.

Jambo la aluminiamu na chuma nawaomba mlishike, maana ndilo linalowapoteza wanunuzi wengi.

Mzee mmoja alikuja kwangu pamoja na mkewe na kijana wao. Ameona Land Rover ya turubai inauzwa upande wa Katoro, na mwenyewe anataka ng'ombe wanane. Mzee amekwisha kukubali moyoni. "Karani," akaniambia, "nimeitazama pande zote. Bati halina kutu hata kidogo. Rangi imepauka tu."

Nikamwambia, "Mzee wangu, bati lile haliwezi kuwa na kutu, kwa sababu si chuma. Je, ulilala chini ukaitazama chesisi?"

Akacheka. "Mimi na umri huu nilale chini ya gari la mtu?"

Mkewe alikuwa kimya tangu walipoingia. Hapo akasema polepole, "Baba watoto, wawili katika hao wanane ni wale tuliosema wa kumsomesha binti."

Tukanyamaza wote. Kijana akatazama dirishani.

Sikuandika hati siku ile. Nilimwambia mzee arudi Katoro na fundi wake mwenyewe, asiyemjua mwuzaji, naye fundi achukue nyundo ndogo. Land Rover yaweza kung'aa juu kama sahani, kumbe chini imekwisha kuliwa. Udongo wetu mweusi wa mbuga huingia ndani ya chesisi wakati wa masika, hukaa humo na unyevu wake, na chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Fundi apige nyundo taratibu toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya kufa, na mara nyingine nyundo huzama. Aangalie hasa mahali zinaposhikwa spring, na ule ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva, maana nao ni wa chuma. Akikuta vipande vya bati vimechomelewa juu ya vipande vingine, ajue gari lile limekwisha kuwa nguo ya viraka.

Injini hainitii hofu sana. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, iliyokuja na aina ya pili, ni injini ya subira. Betri ikifa, waipiga hendeli mbele nayo huwaka, ingawa yakupasa kushika hendeli vizuri isije ikarudi nyuma na kukuvunja mkono. Ikivuja oili kidogo, usishangae. Wenye magari haya husema kwamba isiyovuja haina oili. Giaboksi ndiyo yakupasa kuipima mlimani: ukishuka nayo, gia ikichomoka yenyewe, mwenye gari apunguze bei au abaki na gari lake.

Juu ya breki sina mzaha. Nyingi za magari haya zina njia moja tu ya mafuta ya breki. Likivuja bomba mahali popote, magurudumu yote manne hukosa breki kwa mara moja. Ukikanyaga pedali ikaenda chini mpaka sakafuni, kisha ukakanyaga mara ya pili ndipo ikashika, usinunue kabla haijatengenezwa, wala usikubali kuendeshwa nayo kurudi nyumbani. Na tukumbuke kwamba wanaokaa nyuma hukaa ubavu kwa ubavu bila mkanda. Gari likipinduka, turubai halimkingi mtu. Nimesikia watu wakisema, "Nitalinunua, nipakie abiria siku ya mnada." Wasifanye hivyo. Kupakia abiria kwa nauli kunataka leseni, na gari lolote liendalo barabarani lazima liwe na bima, walau ile ya kuwalipa watu wengine watakaoumizwa.

Sasa tuseme umelinunua. Utakaa nalo namna gani? Petroli yake ni kiu. Katika barabara nzuri, lita moja hukupeleka kilomita sita au saba hivi. Toka Shinyanga mpaka Kahama ni zaidi ya kilomita 100, basi piga hesabu mwenyewe ya kwenda na kurudi, uilinganishe na nauli ya basi. Mtu anayeninongoneza kwamba atapata faida kwa Land Rover kuukuu, mimi humwomba kwanza anionyeshe daftari lake. Spea hupatikana, lakini kwa kuzitafuta. Arusha ziko zaidi kuliko kwetu, kwa sababu huko Land Rover zimetumika miaka mingi kuwapeleka watalii mbugani. Mwezi wa Oktoba 2024 walifanya huko tamasha, zikakusanyika Land Rover kwa mamia, za kale na za sasa, wakitaka kuishinda rekodi ya Ujerumani ya magari 632 yaliyokuwa yamepangwa mstari mmoja mwaka 2018. Nilipoziona picha nilifurahi, sifichi. Mtu akilipenda gari lake kuukuu, akalifua Jumamosi, akalitia grisi, akawapakia wajukuu kwenda nalo shambani, mimi simlaumu. Wengine hunywa fedha zao, na hakuna anayewaandikia makala. Ila na anunue kwa fedha iliyobaki baada ya karo na dawa.

Yule mzee wangu alirudi baada ya majuma mawili, peke yake. Nyundo ilizama mahali pawili. Ng'ombe bado wanalala zizini kwake, naye bado ana hasira kidogo na fundi.

Niwasimulie na habari ya kuuza, kwani katika kuuza ndimo wanyonge wanamoonewa. Mama mmoja mjane alikuwa na Land Rover ya turubai iliyoachwa na marehemu mumewe. Ilikaa chini ya mwembe miaka mingi, kuku wakitagia nyuma. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, akataka kuikata vipande na kulipa kwa kilo. Hilo ndilo linalozipata nyingi siku hizi. Aluminiamu ya bodi huyeyushwa, ikatoka masufuria. Pengine wewe msomaji umepikia ugali katika mlango wa Land Rover bila kujua. Kijana mkubwa wa yule mama alitaka wauze siku ile ile, kwa sababu alikuwa akisubiriwa na wenzake shimoni, wanunue mafuta ya pampu.

Mama akamwambia, "Mwanangu, gari la baba yako haliuzwi kwa mizani kabla sijauliza." Akaja kuuliza.

Jambo la kwanza nililomwuliza ni kadi ya gari. Aliikuta ndani ya sanduku, imefungwa katika kitambaa pamoja na cheti cha ndoa. Tukalinganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye kadi, baada ya kusugua kutu kwa brashi. Zililingana. Hapo gari liliacha kuwa chuma chakavu. Gari lenye kadi halisi na namba zinazolingana laweza kurudi barabarani kwa halali, na wako watu wanaotafuta magari ya namna hiyo. Hata kampuni yenyewe, mwaka ule ule wa 2016 ilipoacha kutengeneza lile gari la umbo la zamani, ilianza kuzitafuta Land Rover za aina ya kwanza na kuzitengeneza upya kwa wateja wenye fedha nyingi. Simaanishi kwamba mteja wa namna hiyo atafika kijijini kwako kesho. Namaanisha kwamba usikubali bei ya kilo kabla hujajua unacho nini.

Lakini kadi ilikuwa kwa jina la marehemu, na marehemu hawezi kutia sahihi. Mama alilazimika kwenda mahakamani kuomba awe msimamizi wa mirathi. Watoto wote waliitwa, na yule kijana mkubwa alinung'unika sana kwamba siku zinapotea. Zilipotea kweli, ni miezi si majuma. Mwisho mama akapata barua yenye muhuri, na kwa barua ile akaweza kuuza mbele ya sheria, na fedha ikajulikana kuwa ni ya watoto wote, pamoja na wale wadogo wawili wanaosoma. Laiti gari lingeuzwa siku ile ya mizani, wadogo wangepata nini? Mafuta ya pampu ya kaka yao.

Mnunuzi alitoka Mwanza, fundi mwenye gereji yake. Alilala chini ya gari kwa muda wa saa nzima na nyundo yake mwenyewe, jambo lililonipendeza, maana mtu akaguaye hivyo hana nia ya kulikata. Bei waliyopatana ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya vyuma. Niliandika hati nakala tatu: majina, namba ya chesisi, namba ya injini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, na mashahidi wa pande zote mbili. Nikawasihi wasiishie hapo. Hati ya mezani kwangu haihamishi umiliki. Lazima kwenda Mamlaka ya Mapato, kadi ibadilishwe jina. Wengi hudharau hatua hii ili kuokoa gharama, kisha gari humgonga mtu huko Ushirombo, na polisi huja kumtafuta yule ambaye jina lake liko kwenye kadi, naye alikwisha kuuza zamani. Zamani wengine walikwepa pia kwa kuogopa malimbikizo ya ada ya leseni ya kila mwaka, lakini ada hiyo ilifutwa mwaka 2017.

Mama na mnunuzi walikwenda pamoja, wakamaliza. Kadi mpya ikatoka kwa jina la yule fundi wa Mwanza, na gari likapakiwa juu ya lori, kwa kuwa breki zake hazikuwapo kabisa. Turubai lilikuwa limetoboka, fundi hakulihitaji. Mama amebaki nalo, huanikia mpunga.