Herufi Moja Ilimwumbua Mwongo

Tarehe 18 Aprili, 1887, gazeti la The Times la London lilichapisha picha ya barua iliyosemekana kuwa ya Charles Stewart Parnell, kiongozi wa Wairishi katika Bunge la Uingereza. Mwezi wa Mei, 1882, wakubwa wawili wa serikali waliuawa kwa visu katika bustani ya Phoenix, mjini Dublin, na Parnell aliyalaani mauaji hayo hadharani. Barua ile ilimwonyesha akisema kwamba mmoja wao alistahili kufa.

Parnell alikuwa akiwatetea wakulima waliolemewa na kodi za wenye ardhi. Rai hiyo hakuificha. Wengi walioichukia walikuwa tayari kusadiki neno lo lote baya juu yake. Usiku ule ule alisema Bungeni kwamba barua ni ya kughushi, lakini wengi hawakumsadiki.

Mwaka 1888 mahakimu watatu waliwekwa kuchunguza. Februari, 1889, alisimamishwa mbele yao Richard Pigott, mwandishi wa Dublin ambaye barua ilitoka kwake pamoja na nyingine. Wakili wa Parnell, Sir Charles Russell, alimpa karatasi, akamtaka aandike maneno machache, mojawapo neno la Kiingereza "hesitancy". Pigott akaandika "hesitency", na kosa lilo hilo lilikuwamo katika barua mojawapo. Baada ya siku chache alikiri, akatoroka, na polisi walipomfikia Madrid alijipiga risasi. Gazeti liliomba radhi, na mwaka 1890 likamlipa Parnell paundi 5,000.

Lakini fedha haikumrudishia ile miaka karibu miwili aliyotazamwa kama rafiki wa wauaji. Gazeti lilitamani barua iwe kweli, kwa hiyo halikuuliza vya kutosha imetoka wapi. Huo ndio mtego, nao humnasa msomaji pia.

Msomaji ana haki ya kuyapinga mawazo ya mtu, ila ayapinge yale aliyoyasema mwenyewe. Karani mwema hutazama barua imetoka kwa nani kabla ya kuitia katika faili, na mkulima hanunui ng'ombe gizani. Basi habari inayotupendeza kwa kuwa inamchafua tusiyempenda ndiyo ya kuchunguzwa zaidi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini aliyesingiziwa huiona ndefu sana.