Kompyuta Kuukuu Isidharauliwe

Miji ya bara iliyo mbali na bahari, na Nyunzu yetu iliyo katika njia ya reli baina ya Kabalo na Kalemie ni mmojawapo, imezoea kupokea vyombo vilivyokwisha kuwatumikia watu wengine. Na katika vyombo hivyo kompyuta za mtumba, zilizokinaiwa na ofisi za ng'ambo, hupokewa kwa shauku siku ya kwanza, kisha baada ya muda mchache hutupwa pembeni kwa hoja kwamba zimezeeka. Hoja hiyo si ya haki, nami naipinga.

Yafaa tujue kwanza ni nani anayetangaza uzee huo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa mfumo wake wa kompyuta, Windows 10, ilhali Windows 11 iliyoirithi yadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na vichakataji vya miaka ya karibuni, hata kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2018, ambazo vioo, vitufe na diski zake vingali vizima, zikahesabiwa kuwa hazifai. Uzee huo umeletwa na amri ya mwenye programu. Chuma chenyewe hakina dosari. Nasi tunaoishi upande huu wa Ziwa Tanganyika tunao ushahidi wa kutosha katika meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini, kwa kuwa walikuwapo mafundi waliokataa kuihesabu kuwa maiti.

Dawa ya kompyuta hizo ipo, nayo ni mfumo mwingine uitwao Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni impayo kila mtu idhini ya kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Kijana mwenye kompyuta ya gigabaiti 2 za kumbukumbu huchomeka flash yenye toleo jepesi la Linux, huiwasha mashine huku akibonyeza F12 au kitufe kingine kulingana na aina yake, huchagua flash katika orodha itokeayo, na baada ya dakika chache huuona mfumo mzima ukifanya kazi pasipo kuigusa diski iliyomo ndani. Akiridhika, ndipo huusimika. Flash hiyo hiyo humpa mwenzake, naye huyo humpa mwingine, bila ya kuteketeza mega za intaneti na bila ya kuvunja sheria yoyote.

Wazee wetu hulalamika kwamba vijana hawa, wakiisha kuifufua mashine, huishia katika michezo ya zamani. Nawaheshimu wazee, lakini michezo hiyo haistahili karipio hilo. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilienea katika kilobaiti 40, ambazo ni chache kuliko picha moja ya simu. Na Tetris, aliyoibuni Alexey Pajitnov huko Moscow katika miaka ya 1980, katika umbo lake la asili haimdai mchezaji fedha kila saa wala haimkatizi kwa matangazo. Fauka ya hayo, Doom ya mwaka 1993 ilifunguliwa msimbo wake mwaka 1997, hata mwanafunzi aweza kuusoma mstari kwa mstari na kuubadili atakavyo. Na maadamu michezo mingi ya kale ingali na hakimiliki, mwenye kutaka usalama wa dhamiri aanze na michezo ya SuperTux na Freedoom, ambayo wenyewe wameitoa iwe huru kwa wote.

Wala asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya wageni peke yao. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, waliitoa Jambo OpenOffice, programu huru ya kazi za ofisi iliyokuwa kwa Kiswahili, wakathibitisha kwamba lugha yetu yaweza kukaa ndani ya mashine kwa staha. Waliweza kwa sababu programu hiyo ilikuwa wazi. Kama ingalikuwa imefungwa, wangelazimika kungoja huruma ya mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba maprefe wa shule, maparoko, na wafanyabiashara wenye kompyuta zilizolala maghalani, wasiziuze kuwa vyuma chakavu. Wawape vijana chumba kimoja, meza, na umeme wa sola wa saa chache. Sharti liwe moja, kwamba kila anayetaka kucheza ajifunze kwanza kuisimika Linux kwa mkono wake, na akiisha kujua amfundishe mwingine.