Gari la Umeme Mpanda, Fundi Dar es Salaam

Magari ya umeme yameanza kuonekana katika barabara za Tanzania, na pamoja nayo zimeanza hesabu katika vyumba vya walimu na ofisi za halmashauri. Mtumishi anayekaa Mpanda, Inyonga au Usevya, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akikusudia kununua gari dogo kwa mkopo wa benki, sasa huoneshwa picha katika simu yake: gari jipya, halinywi mafuta, halihitaji kumwagiwa oili, halitoi moshi. Huambiwa bei, huambiwa umbali linaokwenda kwa chaji moja, huambiwa hata rangi zilizopo. Jambo moja haambiwi, nalo kwa mtu wa Katavi ndilo kubwa kuliko yote: siku gari hilo litakapokataa kuwaka, nani atalitengeneza, na wapi?

Si haki kulibeza gari lenyewe. Gari dogo la umeme hutumia uniti 15 hadi 20 kwa kila kilomita 100. Mwalimu anayekwenda kilomita 1,000 kwa mwezi atahitaji uniti 150 hadi 200. Kwa bei ya sh. 292 kwa uniti, iliyowekwa mwaka 2016 kwa watumiaji wa kawaida, hiyo ni kati ya sh. 43,800 na sh. 58,400 kabla ya kodi. Gari la petroli la ukubwa huo litakunywa kama lita 80 kwa safari zile zile, na hakuna mtu mkoani Katavi anayehitaji kukumbushwa lita 80 za petroli ni fedha kiasi gani. Kweli, nyumba iliyozoea kulipa sh. 100 kwa uniti kwa kuwa haifikishi uniti 75 kwa mwezi itaiaga bei hiyo ya nafuu mara tu gari litakapochomekwa ukutani. Hata hivyo hesabu bado inalipendelea gari la umeme, tena kwa mbali.

Kuna wanaopinga kwa kusema kwamba umeme wenyewe haupo. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani kuliko sasa. Kwa miaka mingi mji wa Mpanda ulipata umeme kutoka katika mitambo ya dizeli, na katika hali hiyo gari la umeme lingekuwa gari la dizeli lililojificha. Lakini katika miaka ya 2020 ilijengwa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, na huko Rufiji Bwawa la Julius Nyerere lilikamilishwa mwaka 2025 likiwa na mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Taifa limetumia fedha nyingi ili umeme upatikane. Itakuwa ajabu basi ikiwa umeme utafika Mpanda na fundi wake akabaki pwani.

Hapana budi kueleza gari hili huharibika vipi, maana wauzaji wengine hulisifu kana kwamba haliharibiki kabisa. Ni kweli mota yake ina sehemu chache zinazozunguka. Haina plagi, haina chujio la mafuta, haina gia nyingi. Matairi, breki, bushi na springi zake ni kama za magari mengine, na fundi yeyote mwema wa Mpanda atazishughulikia. Tena zitahitaji kushughulikiwa, maana gari la umeme ni zito kwa sababu ya betri, na barabara za vumbi za Mishamo na Mwese haziheshimu uzito. Tatizo liko kwingine. Chini ya sakafu ya gari kuna betri kubwa yenye volti 300, 400 au zaidi, umeme wa kuua mtu papo hapo. Kati ya betri hiyo na mota kuna kompyuta zinazoamua kama gari liwake au lisiwake. Hata betri ndogo ya volti 12, sawa na ile ya gari la kawaida, ikifa, gari zima linaweza kulala kama gogo ilhali betri kubwa imejaa chaji. Na mara nyingi hitilafu haionekani kwa jicho wala haisikiki kwa sikio. Husomwa kwa mashine, na mashine hiyo hufunguliwa kwa namba ya siri ambayo mtengenezaji huwapa mafundi wake tu.

Hapo ndipo mtumishi wa Katavi anapofungwa mikono. Watengenezaji wengi huahidi kuidhamini betri kwa miaka minane au kilomita 160,000. Ahadi hiyo ni nzuri, lakini aghalabu huambatana na sharti kwamba gari likaguliwe na kutengenezwa katika karakana iliyoidhinishwa na mtengenezaji. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Gari lililozimika haliwezi kujipeleka. Hata lililo zima, ambalo karatasi zake zinasema linakwenda kilomita 400 kwa chaji moja, halina uhakika wa kufika Tabora pekee, kwa kuwa kilomita za karatasini hupimwa katika mazingira laini kuliko barabara yoyote ya Tanzania. Basi litapakiwa juu ya lori, au katika behewa la reli ile ya Kaliua ambayo wakoloni waliijenga kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Nauli ya lori italipwa na nani? Karatasi ya dhamana haisemi. Gari likikaa karakana miezi miwili likingoja kipuri kutoka ng'ambo, makato ya mkopo katika mshahara yatasimama? Benki haijui habari ya vipuri. Mwenye gari atakuwa analipa mkopo, analipa lori, na bado anapanda bodaboda kwenda kufundisha.

Hali ni mbaya zaidi kwa magari yanayoingia kwa njia za pembeni. Yapo magari mapya yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China tu, yakanunuliwa huko na wafanyabiashara na kuletwa Afrika bila mtengenezaji kuhusika. Kioo chake huandika Kichina, tundu lake la kuchajia halilingani na la magari yaliyotengenezwa kwa masoko mengine, na mtengenezaji akiulizwa habari ya dhamana hujibu kwamba gari hilo halikuuzwa kwa nchi hii. Yapo pia yaliyotumika Japani, hasa Nissan Leaf, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2010. Betri yake hupozwa kwa hewa tu, nalo joto huichosha. Katika dashibodi yake kuna vipande 12 vinavyoonesha afya ya betri; vikiwa vimebaki vinane, mnunuzi ajue kwamba sehemu kubwa ya alichokuja kununua imekwisha tumika. Muuzaji atamwonesha ung'avu wa rangi.

Yafaa kujiuliza kwa nini Toyota iliyotumika imetawala barabara za nchi, kutoka Kariakoo hadi Majimoto. Wengi husema ni uimara. Uimara upo, lakini haukutosha peke yake. Toyota ilishinda kwa sababu ya fundi aliye chini ya mwembe mwenye spana na jeki, ambaye amekwisha ifungua injini ile mara mia, na kwa sababu ya duka la vipuri lililo hatua chache kutoka hapo. Mnunuzi wa Tanzania si mjinga. Ananunua gari ambalo jirani yake anaweza kulitengeneza. Muuzaji wa magari ya umeme anayeshangaa kwamba watu wa mikoani wanasitasita hajalitazama jambo hili.

Wala si mara ya kwanza kwa nchi hii kupokea mashine bila fundi. Wazee wanakumbuka matrekta ya makazi mapya ya vijiji katika miaka ya 1960, yaliyolala mashambani kwa kukosa vipuri. Wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, malori na mabasi yakawekwa juu ya mawe na kunyofolewa kifaa kimoja kimoja ili kuponya mengine. Kituo cha Nyumbu huko Kibaha kilitokana na fikira kwamba taifa lisiloweza kutengeneza chombo chake halikimiliki kikamilifu. Fikira hiyo haijazeeka.

Majirani nao wana ya kufundisha. Mjini Nairobi, mwaka 2018, ilianza kampuni ya teksi za umeme iitwayo NopeaRide, ikitumia Nissan Leaf na kujijengea vituo vyake vya kuchajia. Madereva waliipenda. Miaka michache baadaye kampuni mama iliyokuwa Finland ilifilisika, na teksi zile zikakoma. Hata Marekani, nchi yenye mafundi tele, kampuni ya Fisker ilipoomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi Juni 2024, maelfu ya wenye magari yake walijikuta hawana wa kumwuliza habari za programu wala vipuri, wakalazimika kuunda chama chao ili kuyaweka hai magari waliyokwisha yalipia. Ikiwa hayo yamewapata watu wa California, sembuse mtu wa Karema? Ethiopia nayo mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri, lakini magari yakafika mengi kabla ya mafundi kuwa wengi.

Wauzaji wana jibu lao, na haifai kulipuuza. Husema kwamba magari ya umeme mikoani ni machache mno. Kufungua karakana Mpanda kwa ajili ya magari matatu au manne ni kujitakia hasara. Hesabu hiyo ni sahihi kwa muuzaji mmoja mmoja. Lakini hakuna anayedai jengo la vioo Mpanda. Kinachodaiwa ni fundi mmoja aliyefundishwa, mashine moja ya kusomea hitilafu, glavu za mpira za kuzuia umeme mkubwa, na ruhusa ya mtengenezaji kwamba kazi ya fundi huyo haitavunja dhamana. Vitu hivyo vinaweza kuwekwa katika gereji ya mwananchi yeyote mwaminifu. Muuzaji akikataa hata hilo, basi asitangaze kwamba anauza magari nchi nzima. Aseme wazi kwamba anauza Dar es Salaam.

Na serikali inayo nguvu ambayo mwalimu mmoja hana. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa wa magari nchini. Magari yake hununuliwa kupitia Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, na hutengenezwa na TEMESA, iliyoanzishwa mwaka 2005 na yenye karakana mikoani. Siku taasisi za umma zitakaponunua magari ya umeme, mkataba uandikwe kwamba muuzaji atawafundisha mafundi wa karakana za mikoa, atawaachia vitabu vya ufundi na mashine, na namba zake za siri. Bei itapanda kidogo. Ni nafuu kuliko kulipeleka gari la mkurugenzi Dar es Salaam juu ya lori. VETA nayo, ambayo ina chuo Mpanda, haina sababu ya kuendelea kumfundisha kijana kabureta peke yake.

Mnunuzi binafsi naye asingoje. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa matumizi yaliyoelezwa kwa muuzaji inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo mtumishi amwambie muuzaji, tena kwa maandishi: gari hili litakaa Mpanda. Kisha adai majibu ya Kiswahili ndani ya mkataba: gari likiharibika litatengenezwa wapi, gharama ya kulisafirisha ni ya nani, ni siku ngapi linaweza kukaa kabla ya kupewa jingine au kurudishiwa fedha, betri ikipungua hadi kiasi gani itahesabiwa kuwa mbovu. Muuzaji anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha yajibu. Vyama vya akiba na mikopo, na benki zinazotegemea makato ya mishahara, zingefanya vyema kuyataka majibu hayo kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa gari lililokufa ni dhamana mbovu hata kwao.

Haya yote hayahitaji kungoja magari yawe mengi. Karakana ya mkoa ikipata fundi mmoja aliyefundishwa mwaka huu, mwalimu wa Nsimbo atakuwa na mlango wa kugonga na mtu wa kumwuliza, kabla hajatia saini ya mkopo wa miaka sita.