Nyumba iliyofungwa Kibiti na kodi inayolipwa na mwingine

Zinapokaribia siku za Idd, mabasi yatokayo Mbagala Rangi Tatu kuelekea kusini hujaa watu wanaokwenda nyumbani. Wako wanaoshukia Kibiti na Ikwiriri, na wako wanaokatia Bungu kwenda Nyamisati wakapande mashua za kuingia kwenye delta, huko Mbwera, Salale na kwingineko. Wengi wao wamejenga makwao. Nyumba hufunguliwa, hufagiliwa, hulaliwa siku 5 au 6, kisha hufungwa tena na ufunguo huachwa kwa shangazi. Wapo na wenzao wasiofika hata kwa Idd, kwa kuwa makazi yao ni Muscat, Dubai au London.

Ndugu msomaji, leo tunapenda kusema na wenye nyumba hizo juu ya jambo ambalo aghalabu hawalifikirii: kodi ya nyumba zao inalipwa na nani?

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kwa njia ya mita za umeme za LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na kuanzia Julai 2023 ikawa shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Fedha hiyo hukatwa pale mtu anaponunua umeme. Mita haimjui mwenye nyumba, inamjua anayenunua. Nyumba ikikaa imefungwa bila mtu kununua umeme, deni hujikusanya. Miezi 11 ya kufungwa ni shilingi 16,500, na wa kwanza kulikuta deni hilo ni yule shangazi mwenye ufunguo, aliyetoa fedha yake ya mikeka ili taa iwake wageni watakapofika.

Kwa mujibu wa sheria, mlipaji wa kodi ya jengo ni mwenye jengo. Serikali yenyewe, utaratibu huu ulipoanza, iliwaambia wapangaji wakubaliane na wenye nyumba ili warudishiwe walichokatwa. Ni maneno mazuri kuyasikia, lakini mpangaji wa chumba kimoja pale Kibiti atamdai vipi mtu aliyeko Muscat, ambaye hata kodi ya pango humpelekea kupitia kwa ndugu wa tatu? Atanyamaza. Kunyamaza kwake si kuridhia, na uchache wa shilingi 1,500 hauiondoi dhima kwa mwenye kudaiwa. Hii ni haki ya mja.

Lipo jingine linalosikitisha zaidi. Sheria imemsamehe kodi hii mzee mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, kwa nyumba anayoimiliki na kuishi humo. Sasa tazama hali ilivyo katika familia zetu. Kijana amefanikiwa ughaibuni, amejenga nyumba ya matofali na bati, amemtoa mama yake katika nyumba ya udongo na kumweka humo. Ni wema usio na shaka. Lakini nyumba ni ya kijana, hivyo msamaha wa mama haupo. Na ile nyumba ya udongo na makuti aliyoihama haikuwa ikitozwa kitu. Mama amehamia katika hisani ya mwanawe na papo hapo ameanza kumlipia kodi.

Kwa wenzetu wa mbali mambo ni tofauti. Ufaransa, ambayo kufikia mwaka 2023 ilikwisha kuifuta kodi ya makazi kwa nyumba ambayo mtu anaishi, iliiacha kodi hiyo kwa nyumba za pili, zikiwamo za mapumziko. Hispania humtoza asiye mkazi kodi ya mapato juu ya nyumba yake ya likizo hata kama hajaipangisha, kwa kukadiria kwamba kuwa nayo tu ni faida. Hapa kwetu mjane wa vyumba viwili pale Kibiti na tajiri wa Dubai mwenye nyumba iliyofungwa jirani yake wanakatwa shilingi 1,500 sawasawa. Hatusemi tuwaige Wahispania. Mrufiji tangu zamani amekuwa na nyumba mbili, moja kijijini na dungu bondeni la kulindia mpunga, na dungu halikuwa anasa. Bali tunasema kwamba pale kiwango kinapokuwa kimoja kwa wote, jambo dogo kabisa la kudaiwa kwa aliyeko mbali ni kukilipa yeye mwenyewe.

Tena asidhani kwamba hasara ya kusahau ni ya shangazi peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina kifungu kinachohusu ardhi iliyotelekezwa. Mwenye kiwanja kilichopimwa akidaiwa pango la ardhi au kodi kwa muda usiopungua miaka 2, au akaondoka nchini bila kumweka mtu wa kuwajibika kwa ardhi yake na bila kumjulisha Kamishna wa Ardhi, milki yake yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa, na hapo njia ya kuifuta hufunguka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo nayo inazungumzia miaka 5 ya kutoitumia ardhi. Wengi wa ndugu zetu hudhani kwamba kuwa na kuta na bati ni ulinzi tosha. Wapo pia walioondoka Kibiti kwa hofu ya mauaji ya miaka ya 2016 na 2017. Hao hawakwenda kutafuta starehe, na tunaziomba halmashauri za vijiji ziwatazame kwa jicho jingine kabla ya kulitamka neno kutelekeza.

Waliochukua uraia wa nchi nyingine wana la ziada la kuangalia, kwa kuwa asiye raia hapewi ardhi Tanzania Bara isipokuwa kwa uwekezaji. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya kuwapa hadhi maalumu wenye asili ya Tanzania, na haki ya ardhi imo ndani yake. Hadhi hiyo huombwa.

Kisha kuna nyumba za marehemu. Baba amefariki, warithi 7 wametawanyika kati ya Temeke, Unguja na Oman, mirathi haijagawanywa kwa miaka 10, na kila mmoja huisema nyumba kuwa ni yetu sote mpaka inapokuja zamu ya kulipa. Deni la marehemu hutangulia mgao, hilo linajulikana. Lakini deni lililoingia baada ya kifo chake ni la warithi wenyewe, kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake, si la yule mmoja tu aliyebaki Rufiji kwa sababu yeye ndiye aliye karibu na mita.

Basi mwenye nyumba aliyeko mbali na amteue mtu kwa maandishi, nakala ibaki ofisi ya kijiji au ya ardhi wilayani. Atume shilingi 18,000 za mwaka mzima kabla hajaulizwa. Na pango la ardhi alilipe kwa kumbukumbu namba yake mwenyewe. Kama mama anaishi humo, aizungumze familia habari ya kumhamishia umiliki, ili msamaha wake umfikie.

Nayo Mamlaka ya Mapato, kwa kushirikiana na Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, tunaiomba ipeleke maombi ya msamaha wa wazee hadi vijiji vilivyo mbali na barabara ya lami. Kikongwe hawezi kutoa nauli ya kwenda na kurudi Kibiti mjini ili akadai shilingi 1,500 ya mwezi, na nauli yenyewe imeipita hiyo kodi.